Kati ya ‘amelipa’ na ‘atalipa’: Utafiti unavyoweza kukinusuru kisomo cha watu wazima

AMELIPA. Atalipa. Kwa jicho lililozoea kusoma, hakuna wa kuyachanganya maneno hayo mawili. Kwa mtu aliyejifunza herufi ukubwani na kuishia hapo, yanafanana kama mapacha: yote yanaanza na ‘a’, yote yanaishia na ‘lipa’, na kinachoyatenganisha ni silabi moja tu iliyojificha katikati. Lakini kwa muuza maharage aliyekabidhi magunia kumi kwa mnunuzi wa upande wa pili wa mpaka, silabi hiyo moja ndiyo mtaji wake wote.

Chukua mfano wa mama anayevusha maharage kila siku ya soko, wa aina anayeonekana katika mpaka wowote wa Afrika Mashariki, iwe Namanga, Sirari, Busia au Mutukula. Jina lake analiandika. Herufi anazijua zote, maana alihudhuria darasa la watu wazima kijijini kwa miezi kadhaa na kukimaliza kitabu cha kwanza. Mnunuzi anapomwandikia kwenye daftari kuwa mzigo umepokelewa na fedha italipwa wiki ijayo, anaweka kidole chini ya mstari na kuanza: m, zi, mzi, go, mzigo. Akifika neno la nne, la kwanza limeshamtoka kichwani. Nyuma yake utingo wa lori anapiga kelele kwamba wanachelewa. Mama anaona haya. Anasema “sawa”, anatia sahihi na kuondoka. Kilichoandikwa pale atakijua siku ya kwenda kudai.

Kwenye dirisha la forodha hali ni ileile. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapohapo mpakani na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya watu kama mama huyu. Lakini nafuu iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya yule anayeweza kuisoma karatasi. Asiyeweza humtafuta kijana mwenye kalamu, akamlipa, na akaamini atakachoambiwa.

Katika hesabu za serikali, mama huyu anaweza kuwa ameshawekwa upande wa watu wanaojua kusoma. Shida yake ni kwamba kusoma kwake hakujafika pale kunapoanza kuzaa faida. Ni hapo hasa ambapo watafiti wa elimu, lugha na ubongo wamefanya kazi kubwa katika miaka hamsini iliyopita, kazi ambayo si kila darasa la watu wazima limenufaika nayo.

Kampeni kubwa, pengo lililobaki

Nchi za ukanda huu hazikukaa kimya. Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwishoni mwa miaka ya 1960, takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini humo hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986, takwimu za Serikali zilionyesha kuwa waliobaki ni kama mmoja katika kila kumi. Ni mafanikio ambayo dunia nzima iliyatazama.

Kenya nayo ilianzisha kampeni yake ya kitaifa mwaka 1979 chini ya Rais Daniel arap Moi, na mwaka huohuo ikaundwa idara ya kushughulikia elimu ya watu wazima. Madarasa ya ‘ngumbaru’ yakafunguliwa kila pembe ya nchi. Uganda ilizindua mpango wake wa kisomo chenye manufaa mwaka 1992, ukilenga kuunganisha kusoma na kazi za kila siku.

Hata hivyo, kuhesabu waliokwenda darasani ni jambo moja, na kupima wanachoweza kufanya na karatasi mkononi ni jambo jingine. Kenya ilifanya kipimo hicho cha pili mwaka 2006 na kutangaza matokeo mwaka uliofuata. Badala ya kuwauliza watu kama wanajua kusoma, watafiti waliwapa mtihani. Watu wazima waliofikia kiwango cha chini kabisa walikuwa asilimia 61.5. Lakini waliofikia kiwango kinachotakiwa, yaani cha kusoma na kutumia walichokisoma, walikuwa asilimia 29.6 tu.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hadithi ya mama wa maharage. Zaidi ya nusu ya watu waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma walikuwa bado wamesimama mlangoni. Wameshalipa gharama ya kujifunza: jioni walizokosa kupumzika, biashara waliyoifunga mapema, na aibu ya kukaa kwenye dawati la mtoto. Faida hawajaipata.

Samaki mkavu naye anakunjika

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na watu wazima wengi wamekata tamaa kwa sababu ya msemo huo. Huamini kwamba kichwa cha mtu wa miaka arobaini kimeshakauka.

Utafiti unasema vingine. Mwaka 2010, kundi la wanasayansi likiongozwa na Mfaransa Stanislas Dehaene lilichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Kumi kati yao hawakuwahi kujifunza kusoma, 22 walijifunza wakiwa watu wazima, na 31 walisoma shule tangu utotoni. Watafiti walitaka kujua kusoma kunabadilisha nini ndani ya kichwa. Waliona kwamba kadiri mtu anavyosoma vizuri zaidi, ndivyo sehemu fulani ya ubongo upande wa kushoto inavyoitikia maandishi kwa nguvu zaidi. Na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilionekana pia kwa wale waliojifunza ukubwani.

Wakenya walishaliona hilo kwa macho yao kabla ya mashine. Mwaka 2004, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84.

Lakini utafiti haukuishia kusema kwamba inawezekana. Unaonyesha pia mtu mzima anakwama wapi. Mwaka 1979, José Morais na wenzake waliwajaribu watu wazima wa Ureno wasiojua kusoma kwa kazi inayoonekana nyepesi: kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno. Wengi walishindwa. Wenzao wa mazingira yaleyale, ambao tofauti yao ni kwamba walijifunza kusoma ukubwani, waliweza. Fundisho lake ni kwamba sikio la mtu asiyesoma halikatikati maneno vipande vidogo vya sauti, na si kwa sababu ya uzito wa kichwa. Kulikata neno hivyo ni ufundi unaokuja pamoja na kusoma, na lazima ufundishwe waziwazi. Silabi ni rahisi zaidi kwa sikio kuliko sauti mojamoja. Kwa Kiswahili, hiyo ni habari njema, kwa sababu lugha yenyewe imejengwa kwa silabi zilizo wazi: ma-ha-ra-ge, gu-ni-a, mi-za-ni.

Kwa hiyo mwalimu anayemkaririsha mtu mzima orodha ya herufi, a, be, che, kwa majuma mengi kabla ya kumwonyesha silabi, anamchelewesha. Na mwalimu anayempa mtu mzima sentensi nzima aikariri kwa macho bila kuivunja anamwacha gizani vilevile, maana akikutana na sentensi nyingine hana chombo cha kuifungulia.

Kasi ndiyo mtaji

Kwa nini neno la kwanza lilimtoka mama kichwani kabla hajafika la nne? Helen Abadzi, mtaalamu wa saikolojia ya elimu aliyefanya kazi Benki ya Dunia, alilishughulikia swali hilo katika andiko lake la mwaka 2003 kuhusu elimu ya watu wazima katika nchi zinazoendelea. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ni kama kiganja: inabeba kidogo, na kwa sekunde chache tu. Anayesoma polepole hujaza kiganja silabi. Anapofika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamwagika. Ameyatamka maneno yote, lakini hakuelewa lolote.

Abadzi alikadiria kwamba ili mtu aanze kuelewa anachosoma anahitaji kufikia kasi ya takriban neno moja kwa sekunde. Kipimo hicho hakiwezi kuchukuliwa kilivyo kwa kila lugha, kwa sababu neno moja la Kiswahili kama ‘hawatakulipa’ lina mzigo wa maneno manne au matano ya lugha nyingine. Lakini kanuni inabaki palepale. Darasa linalomfikisha mtu kwenye kutambua herufi na kumpa cheti, kabla hajapata kasi, limemvusha mto hadi katikati na kumshusha.

Kasi huletwa na nini? Mwaka 1979, Mmarekani S. Jay Samuels alieleza njia nyepesi ambayo imefanyiwa utafiti mwingi tangu hapo: kusoma kifungu kilekile kifupi mara kadhaa, kwa sauti, hadi kitoke bila kusitasita, ndipo mtu aende kingine. Hakuna vifaa vya gharama. Kifungu cha mistari mitano na saa ya simu vinatosha. Leo kimechukua dakika mbili, kesho kitachukua moja na nusu, keshokutwa moja. Mtu anayaona maendeleo yake kwa namba, na mfanyabiashara ni mtu wa namba.

Jambo la pili ni mgawanyo wa muda. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, watafiti wamethibitisha mara nyingi kwamba mazoezi mafupi yaliyotawanywa hukaa kichwani kuliko zoezi moja refu. Dakika ishirini kila siku, wakati mzigo unasubiri kupakiwa, zina nguvu kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Kwa mtu ambaye ratiba yake inaamuliwa na siku za soko, hilo ni jambo la kulipanga pamoja na mwalimu tangu mwanzo.

La tatu linahusu Kiswahili chenyewe. Maneno yake hubeba habari nzito katika silabi ndogo za mwanzoni na katikati. ‘Nimepokea’, ‘nitapokea’, ‘sijapokea’: mzizi ni mmoja, lakini kwenye risiti ni mambo matatu tofauti kabisa. ‘Aliyelipa’, ‘anayelipa’, ‘atakayelipa’: mahakamani maneno hayo yanaweza kumpa mtu haki au kumnyima. Msomaji asiye na kasi huelekea kukamata mwanzo wa neno na mzizi wake, kisha akabahatisha cha katikati. Kwa hiyo mazoezi ya mtu mzima hayana budi kuzichambua silabi hizo kwa makusudi, neno kwa neno, hadi jicho lizoee kusimama kwenye ‘me’, ‘ta’ na ‘ja’ kama mwenye mizani anavyosimama kwenye alama ya kilo.

Kitabu cha pamba, karatasi ya mpakani

Kasi peke yake haitoshi kama mtu hana cha kusoma. Hapa ukanda huu una historia ya kujivunia. Kuanzia mwaka 1968, katika mikoa ya kanda ya Ziwa Victoria, Tanzania kwa ushirikiano na UNESCO ilijaribu kisomo kilichofungamanishwa na kazi, makao yake yakiwa Mwanza. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kilichozungumzia pamba. Mwenye migomba alipata chake, mvuvi chake, mfugaji chake. Jaribio hilo ndilo lililoipa kampeni ya taifa zima vitabu na mbinu zake.

Nchini Brazil, miaka michache kabla, Paulo Freire alikuwa amekwenda njia inayofanana. Katika mji wa Angicos, mwaka 1963, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kwa maneno yaliyotoka katika maisha yao wenyewe. Neno lilijadiliwa kwanza, kisha likavunjwa silabi, na silabi hizo zikaunda maneno mapya. Maana na silabi vilikwenda pamoja.

Utafiti uliofuata umeipa njia hiyo uzito. Mwaka 1981, Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha kazi yao kuhusu Wavai wa Liberia, watu wenye mwandiko wao wenyewe ambao hufundishana nyumbani bila shule na kuutumia kwa barua na kumbukumbu za mambo yao. Waligundua kwamba kujua mwandiko hakumgeuzi mtu kuwa hodari wa kila kitu. Anakuwa hodari katika kile anachokifanya kwa mwandiko huo. Anayeandika barua huwa stadi wa kueleza jambo kwa mtu asiyekuwepo. Kwa maneno mengine, mtu hujifunza kusoma kile anachokisoma.

Mwaka 2002 nchini Marekani, Victoria Purcell-Gates na wenzake waliwafuatilia wanafunzi watu wazima 173. Waliofundishwa kwa maandishi halisi ya maisha, kama fomu, barua, magazeti na maelezo ya dawa, ndio waliobadilisha zaidi mazoea yao ya kusoma na kuandika nje ya darasa.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, kitabu cha pamba cha leo ni karatasi zilizomo mfukoni mwake. Risiti ya ushuru wa soko. Stakabadhi ya ghala. Daftari la madeni. Tangazo la bei ya mahindi. Kadi ya kikoba au ya chama. Mkataba wa mkopo. Orodha ya bidhaa zinazoruhusiwa kuvuka kwa utaratibu rahisi. Darasa linaloanza na karatasi hizo halihitaji kumshawishi mwanafunzi kwamba kusoma kuna faida. Faida ameikalia.

Hesabu anaijua tayari

Kosa jingine ambalo utafiti unalifichua ni la kumpokea mfanyabiashara darasani kama mtu asiyejua kitu. Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti mdogo lakini maarufu kuhusu watoto watano wachuuzi wa mjini Recife, Brazil. Watafiti walikwenda kama wateja na kuuliza bei. Watoto walijibu sahihi kwa asilimia 98. Baadaye watoto walewale walipewa hesabu za namna hiyohiyo kwa kalamu na karatasi. Zilipokuwa ndani ya maelezo ya kuuza na kununua, walipata asilimia 74. Zilipokuwa namba tupu kama za shuleni, wakaanguka hadi asilimia 37.

Mmoja wao alipoulizwa bei ya nazi kumi hakuongeza sufuri kama mwalimu angetaka. Alizipanga nazi tatutatu, kwa sababu ndivyo zilivyozoeleka kuuzwa, akajumlisha mafungu na kumalizia na iliyobaki. Jibu lilikuwa sahihi. Muuza nazi wa Tanga au Mombasa angemwelewa mara moja.

Maana yake kwa kisomo ni kubwa. Mtu anayebadilisha shilingi za Kenya kuwa za Tanzania au za Uganda kichwani, akatoa nauli, ushuru na ujira wa mpakiaji, tayari ana akili ya hesabu iliyonolewa. Anachokosa ni kuiweka kwenye karatasi. Mwalimu mwerevu huanzia hapo. Humwomba mwanafunzi aeleze anavyohesabu, akamwandikia maelezo hayo kwa maneno na namba zake mwenyewe, na karatasi hiyo ikawa somo la siku. Mwanafunzi anasoma kitu ambacho maana yake anaifahamu kabla hajakisoma, na macho yanapata kasi upesi. Tena anaondoka na kumbukumbu ya biashara yake, ambayo mkopeshaji yeyote ataiomba.

Simu ya kitochi kama daftari

Swali la zamani la kisomo cha watu wazima ni nini kinatokea darasa likifungwa. Vitabu hubaki shuleni, mwanafunzi hurudi sokoni, na herufi huanza kufutika. Jibu moja limetoka Niger.

Kuanzia mwaka 2009, wachumi Jenny Aker, Christopher Ksoll na Travis Lybbert walifuatilia madarasa ya watu wazima katika vijiji 113 vya nchi hiyo. Vijiji vyote vilipata mafunzo yaleyale ya kusoma na kuhesabu kwa lugha za nyumbani. Lakini katika baadhi ya vijiji, vilivyochaguliwa kwa kura, wanafunzi walifundishwa pia kutumia simu za kawaida, za kitochi, zilizotolewa kwa makundi. Walijifunza kuzitambua namba na herufi zilizomo kwenye simu, kusoma ujumbe mfupi na kuuandika.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopata somo la simu waliwashinda wenzao katika mitihani ya kusoma na ya hesabu. Miezi saba baada ya madarasa kufungwa, walikuwa bado mbele katika hesabu. Sababu si ngumu kuielewa. Simu ni karatasi isiyoisha, inayotembea na mtu hadi sokoni.

Kwa wavusha bidhaa wa Afrika Mashariki, ambao fedha zao nyingi hupita kwenye simu, somo hilo lina uzito wa pekee. ‘Umepokea’ na ‘umetuma’ ni maneno ya kujifunza wiki ya kwanza, si mwaka wa pili. Vivyo hivyo jina la mtumaji, kiasi, tarehe na salio. Tapeli anayetuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kampuni ya simu anategemea jambo moja: kwamba mpokeaji ataona namba kubwa na hatausoma ujumbe wote. Msomaji mwenye kasi huusoma hadi mwisho, akaangalia salio lake, ndipo akaruhusu gunia lipakiwe.

Fomu ikiwa si ya Kiswahili

Wapo watakaouliza: kuna faida gani kujifunza Kiswahili ilhali fomu nyingi za mpakani ni za Kiingereza, na upande wa Burundi na Kongo ni za Kifaransa?

Utafiti unajibu kwamba njia ya kufika huko inapita nyumbani. Philip Seymour na wenzake walilinganisha mwaka 2003 watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Katika lugha ambazo kila herufi ina sauti yake ya kudumu, misingi ya kusoma ilishikwa upesi. Kwa Kiingereza, ambacho tahajia yake imejaa vighairi, misingi ileile ilichukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Tahajia ya Kiswahili imo katika kundi la lugha nyepesi. Mtu mzima anayetafuta misingi ataipata mapema zaidi kwa lugha anayoizungumza, yenye tahajia isiyomdanganya.

Akishapata kasi kwa Kiswahili, ufundi wa kuvunja neno na kuliunganisha tena anao, na hauachi akibadili lugha. Kilichobaki ni msamiati, na msamiati wa fomu ya forodha si bahari. Ni maneno machache yanayojirudia: jina, anwani, aina ya bidhaa, uzito, thamani, nchi ilikotoka, tarehe, sahihi. Mwalimu wa darasa la mpakani anaweza kuyapanga maneno hayo kwa lugha mbili kwenye kadi, na mwanafunzi akayazoea kama anavyozoea sura za noti za nchi jirani.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Mfanyabiashara hanunui gunia bila kuchoma bambo kuona kilichomo. Darasa la kisomo nalo linastahili kukaguliwa vivyo hivyo kabla ya kulipa ada au kutoa muda, maana muda nao ni fedha. Utafiti unatoa maswali ya kuuliza.

Je, tangu majuma ya mwanzo mwanafunzi anafundishwa silabi na kuunda maneno kwa silabi hizo, au anakaririshwa herufi tu? Je, kuna mazoezi ya kasi, ya kurudia kifungu hadi kitiririke, na mtu anapimwa kwa saa? Je, karatasi za kazi ya mwanafunzi zinaruhusiwa kuingia darasani, pamoja na simu yake? Je, ratiba inazijua siku za soko? Je, hesabu inaanzia kwenye anachokijua mwanafunzi? Na swali linalosahauliwa kuliko yote: kozi ikiisha, mtu atasoma nini kesho yake?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji bajeti kubwa. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, vikoba na masoko vina uwezo wa kuanza na meza moja, mwalimu mmoja na rundo la risiti za zamani. Halmashauri na kaunti zenye walimu wa watu wazima zina uwezo wa kuwapangia kazi karibu na soko, saa ambazo mizani imepumzika. Na mtoto wa darasa la tano aliye nyumbani anaweza kumsikiliza mama yake akisoma kifungu kilekile mara tatu jioni, mkononi ameshika simu akihesabu sekunde.

Mama wa maharage hahitaji kusoma kitabu kizima ili maisha yake yabadilike. Anahitaji mstari mmoja wa daftari usomeke kabla utingo hajapiga kelele mara ya pili. Siku atakapoweza, mnunuzi akimwandikia ‘amelipwa’ mahali pa ‘atalipwa’, ataurudisha mkono wake nyuma na kusema, mbele ya watu, “Hapa pasahihishe kwanza, ndugu yangu.” Kisha atasubiri aone kalamu ikipita juu ya ‘me’ na kuandika ‘ta’, ndipo atie sahihi.